Tarihi ya Kubipu, na Fedha Iliyozaliwa Nayo

Aghalabu tarihi ya kompyuta husimuliwa kutoka upande wa wale walioziunda: hutajwa Charles Babbage na magurudumu yake ya shaba, akatajwa Alan Turing na fikra zake, kisha msimulizi akavuka bahari mpaka California, na huko akakaa hata mwisho wa kitabu, kana kwamba mtu aliyekinunua chombo na kukitia mfukoni hakuwa na neno la kusema juu yake ila kulipa bei na kufuata maelekezo. Makala hii imekusudia kuitazama tarihi hiyo kutoka upande wa mnunuzi mwenye senti chache, na kwa ajili hiyo imechagua jambo ambalo wengi watalidhani kuwa dogo mno kuandikiwa tarihi, nalo ni desturi ya kubipu, yaani kupiga simu kwa nia ya kutopokewa. Jambo hilo halikuwamo katika fikra za mhandisi yeyote. Lilitungwa na watu wasio na salio, likaenea nchi kwa nchi bila ya mwalimu wala tangazo, na kabla haujapita muongo mmoja likawa limewazoeza watu kukitumia chombo kinyume cha makusudi yake, mazoea ambayo bila ya hayo ile fedha ya simuni, inayowaleta wataalamu wa dunia Nairobi na Dar es Salaam kuisoma, isingepata watu wa kuipokea.

Zama za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kwa miaka mingi baada yake, simu ilikuwa kifaa cha ofisi, cha mwenye cheo na cha mfanyabiashara mkubwa. Mtu wa kawaida aliyetaka waya ufike nyumbani kwake aliandika ombi akangoja, na wako waliongoja mpaka waya wenyewe ukapitwa na wakati. Simu ya mkononi ilipoingia Dar es Salaam mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, ilikuwa pambo la matajiri, kubwa na nzito, na mwenye nayo aliiweka juu ya meza mahali ambapo wageni wataiona. Mambo yalibadilika kwa haraka ulipoingia mwaka 2000, kampuni za Safaricom na KenCell zilipoanza kushindana Kenya na Vodacom ikafungua milango Tanzania, kwani kadi za kulipia kabla zilimwondolea mnunuzi sharti la kuwa na mshahara, anwani na mdhamini. KenCell ilitoza kwa dakika. Safaricom ikatoza kwa sekunde, ikidhani kwa haki kwamba mtu mwenye shilingi chache atapenda kuzihesabu moja moja. Walakini haikukisia kwamba mtu huyo atakwenda mbele zaidi, na kutafuta namna ya kusema bila ya kutumia hata sekunde moja.

Sharti tatu za chombo ndizo zilizoacha mwanya. Kwanza, anayepiga ndiye alipaye, na anayepokea halipi kitu. Pili, hesabu ya malipo huanza pale mwito unapopokewa, wala mlio wenyewe hautozwi. Tatu, kioo cha simu humwonyesha mwenye kuitwa namba ya mwenye kuita, jambo ambalo simu za waya za majumbani hazikuwa nalo. Kila moja katika sharti hizo iliwekwa kwa sababu yake, na hapana iliyowekwa kwa ajili ya fakiri. Bali fakiri alizikusanya zote tatu akapata barua ya bure, barua isiyo na herufi hata moja, ambayo maana yake ilitegemea mwandishi ni nani, msomaji ni nani, na saa gani imefika. Mke aliyeagana na mumewe kwamba mlio mmoja ni salama na milio miwili ni rudi upesi alikuwa na lugha kamili. Dereva wa teksi aliyefika mlangoni alibipu badala ya kupiga honi. Vijana walibipuana usiku bila ya haja yoyote, ila kujulishana kwamba fulani anamkumbuka fulani.

Kama ilivyo kwa kila lugha, hii nayo ikajifanyia sarufi na adabu zake. Mtaalamu Jonathan Donner, aliyefanya utafiti wake Rwanda na kuuchapisha mwaka 2007, alikuta kwamba watu wana kanuni zinazojulikana na wote ijapokuwa hazikuandikwa popote, na ya kwanza katika hizo ni kwamba mwenye nacho ndiye apigaye: mdogo humbipu mkubwa, mtoto humbipu mzazi, mfanyakazi humbipu bwana wake, na aliyebipiwa akanyamaza huku akijulikana kuwa na uwezo amepungukiwa na ukarimu. Kanuni ya pili ilihusu posa na mapenzi, nayo ilikuwa kali: mwanamume anayemtaka mwanamke hambipu kamwe, maana atakuwa ametangaza umaskini wake kabla ya kutangaza mapenzi. Tukiyatazama haya kwa makini tutaona kwamba hapana jipya ndani yake isipokuwa chombo. Mkubwa kumbebea mdogo gharama, mwenye neema kuitwa na jamaa zake wakati wa dhiki, mchumba kujikakamua hata kwa kukopa, hizo ni desturi kongwe kuliko umeme. Zilikuwa zikitafuta mahali pa kukaa katika mtambo mpya, zikapapata katika mlio ambao mtambo uliuhesabu kuwa si kitu.

Kwa makampuni, hata hivyo, mlio huo ulikuwa kitu, tena kitu cha hasara, kwa kuwa mwito usiopokewa hushughulisha mitambo na minara, na hauleti senti. Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom tangu mwaka 2000 hata 2010, alipata kusema hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu katika kupiga simu, wakati wateja walipomlalamikia kwamba mtandao husongamana kwa saa zilezile. Neno hilo liliwaudhi wengi na kuwachekesha wengi zaidi, na mpaka leo Wakenya hulikumbushana. Mimi naliona kuwa neno la kweli lililosemwa na mtu asiyefaa kulisema: tabia zilikuwa za ajabu kwa mtazamo wa hesabu zilizopangwa mahali pengine, na kazi ya kampuni ilikuwa kubadilisha hesabu.

Na hesabu zilibadilishwa. Afrika ya Kusini, mwezi wa Novemba 2000, kijana mmoja mwanafunzi wa uhasibu katika kampuni ya Vodacom, Nkosana Makate, alipeleka kwa wakubwa wake pendekezo lililotokana na taabu yake mwenyewe ya kuwa na mchumba aliye mbali na asiye na salio: mteja aweze kutuma bure ujumbe mfupi wa kumwomba mwenziwe ampigie. Huduma ikafunguliwa mwaka 2001, na kampuni ikagundua kwamba maombi ya bure huzaa miito ya kulipiwa, tena kwamba nafasi inayobaki katika ujumbe yaweza kuuzwa kwa wenye matangazo. Makate hakupewa alichoahidiwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikampa haki ya kulipwa. Huduma za namna hiyo zikafuata Afrika Mashariki. Hivyo, kile kilichokuwa hila ya mteja kikafanywa bidhaa ya kampuni, na mlio wa bure ukapata leseni.

Haya yalikuwa ya sauti. Kwa upande wa maandishi, ujumbe mfupi ulipewa na waasisi wake herufi 160 na bei moja, uwe mrefu au mfupi, na vijana wa Kiswahili wakajibu kwa kuyakata maneno mpaka yatoshe: mtu akawa m2, kitu kikawa k2, sijui ikawa cjui, na sasa ikaandikwa xaxa bila ya faida yoyote ya nafasi, kwa mapambo tu. Walimu walilia, mimi sikulia pamoja nao, ila nakiri kwamba ile xaxa siielewi mpaka leo.

Turudi kwenye ile fedha iliyotajwa mwanzo. Kutuma fedha kwa asiye karibu ni haja kongwe katika pwani hii, na wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa wakiandikiana hundi na Bombay, karatasi ikivuka bahari na sarafu ikibaki mahali pake, kwa nguvu ya jina na amana. Lakini hundi ilikuwa ya matajiri. Mpagazi, kibarua wa mkonge, mpishi wa Nairobi na mlinzi wa Mombasa walituma kwa mkono wa mtu: ndugu anayekwenda likizo, utingo wa basi, dereva aliyepewa bahasha na jina la kituo, au kwa hawala ya posta, iliyokuwa salama lakini ya kungojewa, na mara nyingine mwenye kungoja alifika dirishani akaambiwa kwamba posta yenyewe haina fedha siku hiyo. Bahasha za dereva zilifika mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na ziliposhindwa kufika hapakuwa na mahali pa kushitaki.

Basi vocha ya simu ilipoanza kuuzwa kila kibanda, watu waliona ndani yake kitu ambacho aliyeichapisha hakukiona. Vocha ni namba zilizofichwa chini ya utando wa kukwangua. Namba husomeka kwa sauti. Na kitu kinachosomeka kwa sauti chaweza kusafiri. Uganda, mahali ambapo tangu mwaka 2003 kulikuwa na mpango wa simu za vijijini ulioanzishwa na MTN pamoja na Grameen Foundation, mtu wa Kampala alinunua vocha, akampigia mwenye simu ya kijiji, akamsomea zile namba, na mwenye simu akajitia salio, kisha akamhesabia mama au ndugu wa mpigaji fedha taslimu, akiwa amejikatia ujira wake. Watafiti walioutazama mwenendo huo walishangaa kwamba hapakuwa na benki, wala mkataba, wala afisa wa serikali, na bado fedha ilifika. Mwaka 2002 watafiti wengine kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kuripoti kwamba salio lashika nafasi ya fedha Uganda, Botswana na Ghana. Makampuni nayo yakafuata nyuma ya wateja wao kama ilivyokuwa kwa kubipu: Safaricom ikafungua Sambaza, mtu aweze kumhamishia mwenziwe salio bila ya kukwangua wala kusoma namba. Kampuni ilidhani inauza maongezi, na kumbe wateja walikuwa wamekwisha kuyageuza maongezi kuwa sarafu.

M-Pesa, ndiyo hiyo fedha ya simuni ya Safaricom, ilizaliwa katika hali hiyo, lakini haikuzaliwa ikijijua. Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya Uingereza iliyo mshirika wa Safaricom, aliipata fikra yake ya kwanza katika mazungumzo ya mkutano wa Johannesburg mwaka 2002, na mradi ukapata msaada wa karibu paundi milioni moja kutoka serikali ya Uingereza, kampuni nayo ikitoa sehemu yake. Makusudi yalikuwa mikopo midogo: mkopaji alipwe mkopo wake kwa simu na aurejeshe kwa simu, asipoteze nusu siku kwenda kwenye mkutano wa kikundi na noti mkononi. Susie Lonie alitumwa Kenya mwaka 2005 kwa kazi iliyokisiwa kuwa ya miezi michache, akakaa zaidi ya miaka miwili. Majaribio yalianza mwezi wa Oktoba mwaka huo, kwa wateja wasiofika 500 na mawakala wanane, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, yakiwa na ushirika wa taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya.

Lililotokea katika miezi hiyo ndilo lenye kustahili kusomwa na kila mhandisi. Mikopo ilirejeshwa kwa simu, naam, lakini kwa taabu, maana vitabu vya taasisi na vya mtambo havikupatana, na wanakikundi walipoona kwamba malipo hayahitaji mkutano wakaanza kukosa mkutano, ilhali mkutano wenyewe ndio uliokuwa dhamana ya mkopo. Huku nyuma, hao wateja wachache walikuwa wakifanya mambo ambayo hawakufundishwa. Wenye maduka walilipana bidhaa kwa simu. Wengine waliweka mapato ya jioni kwa wakala ili fedha zilale mahali salama, benki zikiwa zimefungwa mapema. Msafiri wa kutoka Nairobi kwenda Thika aliweka fedha zake mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wa safari, akapita barabarani mfuko mtupu. Na walionunua salio kwa M-Pesa walilinunua kwa namba za jamaa zao wa mashambani, wasiokuwa na habari kwamba kuna majaribio. Yaani walifanya na mtambo mpya yale waliyokuwa wakiyafanya na vocha. Wenye mradi walikuwa na hiari mbili, kuwarudisha wateja kwenye mstari au kuuhamisha mstari, wakauhamisha. Mikopo ikawekwa kando, na tarehe 6 Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa umma kwa shauri jepesi la kuwataka watu watume pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Siwezi kuyapita kimya mambo ya mwezi wa Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara na maduka, na watu waliozingirwa katika mitaa ya Nairobi walitumiwa salio na fedha kwa njia hiyohiyo ya simu na jamaa walio mbali nao; hapo huduma changa ilipata imani ambayo tangazo haliwezi kuinunua. Mabenki yakaanza kutahadhari, na mwishoni mwa mwaka huohuo John Michuki, aliyekuwa akikaimu wizara ya fedha, akaagiza mtambo uchunguzwe. Uchunguzi ukatoka mwaka 2009 ukisema kwamba uko salama. Mitambo yenyewe ilikuwa Ulaya mpaka mwaka 2015, hivyo kwa miaka minane muuza samaki wa Kisumu na mnunuzi wake waliosimama uso kwa uso walikuwa wakipelekewa hesabu yao huko na kurudishiwa, wala hawakuliona jambo hilo, wala hapakuwa na sababu ya wao kuliona.

Mpaka hapa nimesema namna watu walivyokifinyanga chombo. Lakini chombo nacho kina mkono. Olga Morawczynski, aliyefanya utafiti Kibera na katika kijiji cha Bukura, magharibi ya Kenya, alikuta kwamba fedha zilianza kutumwa mara nyingi zaidi na kwa kiasi kidogo kidogo, na kwamba wanawake wa kijijini waliipenda huduma, kwa kuwa ombi la dharura hujibiwa siku hiyohiyo, na kwa kuwa akiba iliyomo simuni haionekani na mume. Alikuta pia kwamba wake haohao walikuwa na wasiwasi: zamani mume alilazimika kurudi nyumbani mwisho wa mwezi kuileta fedha mwenyewe, na sasa fedha huja peke yake. Chombo kilichookoa nauli ya basi kiliondoa na udhuru wa safari. Siyaoni haya kuwa madogo, wala siyaoni kuwa hoja ya kukikataa chombo. Ila naona kwamba hesabu za faida zinazochapishwa kila mwaka hazina safu ya kuyaandika.

Michango nayo ikabadilika sura. Harusi iliyokuwa na kadi ya mchango, ikipelekwa kwa mkono na kupokewa kwa mazungumzo ya kibarazani, sasa ina namba ya simu ya mhazini, na jina la asiyetoa huonekana katika orodha inayosomwa na watu mia. Ukarimu haukupungua, lakini wasaa wa mtu kutokuwa na kitu kwa siri umekwisha. Laghai nao hawakuchelewa. Hapana Mtanzania mwenye simu asiyepata kuletewa ujumbe wa mtu asiyemjua, usemao kwamba ile hela sasa itumwe kwenye namba hii, ukiwa umetungwa kwa matumaini kwamba miongoni mwa maelfu watakaousoma yuko mmoja ambaye kweli kuna hela alikuwa akitaka kuituma. Kwa ajili ya makosa na khiyana za namna hiyo mtambo ukafundishwa kumtaja mpokeaji kwa jina kabla fedha haijaondoka, na serikali ya Tanzania ikataka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, hata ilipofika Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Simu iliyoanza kwa kumwondolea mtu sharti la anwani ikawa imekwisha kuwa anwani yake.

Wako waliodhani kwamba siri yote ilikuwa katika mtambo, na kwamba kinachotakiwa ni kuuchukua na kuupeleka mahali pengine. Ulipelekwa Tanzania mwaka 2008, na mwanzo wake ulikuwa wa polepole mno kuliko wa Kenya, kwa kuwa nchi ni pana, soko limegawanyika kati ya makampuni kadhaa, na mawakala walihitaji kupangwa upya kwa kufuata masafa ya huku. Ukasimama vyema baada ya kurekebishwa. Ulipelekwa Afrika ya Kusini mwaka 2010, nchi yenye mabenki mengi na wateja wengi wa benki, na mwaka 2016 ukafungwa.

Kisha kuna habari ya tozo. Mwezi wa Julai 2021 serikali ya Tanzania iliweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hata shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwapo. Mnung'uniko ulisikika sokoni, magazetini na bungeni. Lakini jibu lililosomeka vizuri zaidi lilikuwa katika hesabu za mitambo, miamala ikipungua kwa kuwa watu walirejea kubeba noti na kuagiziana kwa mkono wa mtu, na mwezi wa Septemba wizara ikapunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Wengi katika wateja hao walikuwa na umri wa kutosha kukumbuka jinsi ya kubipu, na hawakuhitaji kufundishwa upya namna ya kuuzunguka mtambo unaotoza zaidi ya stahili yake.